Maneno ya Chini ya Kitovu

Ifakara,
3 Februari 2025

Kwa mke wangu mkubwa, Bibi Eufrasia,

Shikamoo. Sisi huku ni wazima. Nelly ni mzima, na tumbo lake sasa linaingia mlangoni kabla yake. Anakusalimia, na anauliza kama bado unamwita mwizi wa waume za watu. Nimemwambia bado. Nyumba haijavuja mvua hizi, na mwenye nyumba ananikumbusha kila tukikutana, utadhani ameizuia mvua kwa mikono yake mwenyewe.

Shangazi Eveline alipita hapa akitoka Kisawasawa. Anasema Krismasi iliyopita, kabla hujahamia shambani, alikuona Lupiro kanisani umekaa upande upande, umekonda, na ulikataa kusimama wakati wa komunyo. Alipokuuliza ukamjibu kwamba ni benchi. Bibi, benchi hilo nimelikalia mimi tangu kipaimara na halijawahi kumkondesha mtu. Nataka uje upimwe. Hospitali iko hapa, daraja lipo, na mjukuu wako anafanya kazi karibu na geti. Sijui unataka tukuongezee nini.

Sasa shida yangu. Unajua nafundisha anatomia kwa hawa vijana wa utabibu. Ni vijana hodari sana. Ukimwamsha mmoja usingizini atakutajia mifupa ya mkono kwa Kiingereza bila kupumua. Lakini mwaka huu mtihani wa vitendo unafanyika wodini, mbele ya mgonjwa halisi, na mgonjwa halisi wa bonde hili hakusomea Kiingereza. Lazima wamuulize kwa lugha yake. Hapo ndipo wanapokwama. Kwao mwanamke ana kichwa, ana mikono, ana miguu, na kuanzia kitovuni hadi magotini ana "sehemu za siri". Eneo lote hilo limepewa jina moja kama kijiji kisicho na vitongoji. Mama akisema anaumwa huko, kijana anaandika "sehemu za siri zinauma", daktari anasoma, anabaki ameshika kichwa.

Tuna sanamu ya plastiki iliyoletwa kwa msaada. Inafunguka kifua, inatoa ini, inatoa figo. Ukifika chini, hakuna kitu, pamepakwa rangi tu. Hata fundi wa Ulaya aliona aibu.

Wewe ni mwanamke wa huku na umekaa na wanawake wa huku maisha yako yote. Naomba uniandikie maneno wanayotumia wenyewe, kila sehemu na jina lake. Nitayafundisha.

Ni mimi mume wako,
Evod

*

Shambani, ng'ambo ya Lupiro,
22 Februari 2025

Kwa mume wangu Evod, mwalimu wa nyama za watu,

Marahaba. Barua yako imeletwa na Silvano muuza samaki juu ya kapu la kambale, na imefika ikinuka vizuri kuliko ilivyosomeka.

Mpunga umesimama. Ndege wameanza, na mimi nashinda juu ya dungu nikiwapigia kelele, kazi ambayo sikujua kwamba marehemu babu yako alinifundisha kwa kunipa sababu za kupiga kelele kila siku. Ng'ombe wa majirani zetu Wasukuma wameingia shambani mara moja tu mwaka huu, wakaja kuomba radhi. Wenye ng'ombe, si ng'ombe. Msalimie mwizi wangu Nelly. Mwambie ajifungue salama, halafu arudishe mali.

Usiseme nipige simu. Mtandao huku uko juu ya kichuguu kimoja, na pale kuna foleni. Ukitamka "tumbo" asubuhi, jioni unaletewa mizizi na watu usiowafahamu. Barua angalau Silvano hawezi kuisoma, na samaki wake wameshakufa.

Kuhusu benchi: ni benchi. Shangazi yako ana macho ya mizani ya pamba, kila anayemwona anampima kilo. Nimekonda kwa jua. Wewe ukae juu ya dungu tuone kama utanenepa. Na usije kunifuata, maji yanapanda na wewe hata kuogelea ulifundishwa na mapadri wa seminari.

Sasa nije kwenye ombi lako, maana nimecheka mpaka ndege wakapata nafasi ya kula. Umesoma Morogoro. Ukasoma Dar es Salaam. Kodi za wananchi zikakusomesha. Leo unamwandikia mwanamke mzee aliye porini umuulize huko chini kunaitwaje. Na mke mwenzangu ana mimba. Mimi nilidhani njia unaijua.

Lakini wewe ni mume wangu na mume hanyimwi. Nimekuandikia maneno yako kwenye karatasi ya pili. Nimeanza kitovuni nikashuka. Yasome ukiwa umekaa.

Mke wako mkubwa asiyelishwa,
Eufrasia

*

Ifakara,
14 Machi 2025

Mke wangu mkubwa,

Shikamoo, na pole kwa ndege. Nelly anakaribia. Amekataa kulala upande wa ukuta na amekataa pia upande wa mlango, kwa hiyo mimi ndiye ninayelala sakafuni. Amepokea salamu zako na anasema mali haina risiti.

Bibi, asante. Sijui nikushukuru vipi. Nilisoma karatasi yako nimekaa, kama ulivyoagiza, nikacheka peke yangu ofisini mpaka mwenzangu akafunga mlango. Lakini ni hazina ile. Kila sehemu ina jina lake, na majina yenyewe yana ladha. Nimeyapanga ubaoni kando ya yale ya kitabu, nikachora, nikawafundisha juma zima. Mwanzo walijifunika nyuso kwa madaftari. Nikawaambia hapa ni chuo, hakuna aibu kwenye sayansi, semeni wote. Wakasema wote. Mhasibu wa chuo alikuja dirishani akasimama kidogo, akaondoka akitikisa kichwa.

Mwanafunzi wangu bora kwenye hili ni kijana wa Kisukuma anaitwa Shilinde. Baba yake alihamia na ng'ombe upande wa chini wa bonde. Yeye lugha ya hapa haijui hata kidogo, kwa hiyo maneno yako ameyapokea kama Injili, bila swali. Anayakariri akifua nguo.

Mmoja tu alinisumbua. Anaitwa Bernadeta, binti wa Kindamba kutoka Mang'ula. Aliangalia meza somo zima. Mwisho akaja akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, haya maneno umepewa na nani?" Nikamwambia nimepewa na mtaalamu. Akauliza, "Huyo mtaalamu kwako ni nani?" Nikamwambia asiniletee mambo ya kijijini darasani.

Bibi, kuhusu benchi hujanijibu. Umenijibu kuhusu jua. Unaumwa wapi? Hili naliuliza mimi mjukuu wako, si mume wako. Nijibu mstari mmoja tu.

Evod

*

Ifakara,
29 Machi 2025

Bibi Eufrasia,

Shikamoo. Nelly amejifungua salama mtoto wa kiume, na wote wawili ni wazima, tumshukuru Mungu. Hizo ndizo habari njema. Nimezitanguliza kwa sababu nyingine zinafuata, na sikusubiri barua yako.

Juzi tuliingia wodi ya wanawake kwa mazoezi. Nilimpangia Shilinde mgonjwa anaitwa Bi Mwanasha, mtu mzima wa Kipogoro kutoka milimani, amelazwa kwa kutokwa damu wakati umri wa damu ulishapita. Shilinde alifanya kila kitu nilichomfundisha. Alisimama vizuri, akakunja mikono, akainama. Akasema, "Shikamoo bibi." Akajibiwa, "Marahaba baba." Akasema, "Bibi, naomba radhi kukusumbua, napenda kujua damu inatoka sehemu gani." Halafu, ili bibi wa watu asipate taabu ya kutafuta jina, akamsaidia. Akamtajia majina yako, moja baada ya jingine, kwa sauti ya heshima na kwa matamshi ya Kisukuma, kuanzia kitovuni kushuka.

Kikombe cha uji kilimpata begani. Mama mmoja aliyekuwa amefungwa mguu alijaribu kushuka kitandani.

Mtoto wa Bi Mwanasha, baba mwenye mvi anaitwa Valentino, alikuja akaniuliza swali moja, "Nani amekufa?" Nikamwambia hakuna aliyekufa. Akasema, "Basi mbona mama yangu anaambiwa maneno ya matanga? Haya husemwa na watani, na husemwa mtu akishalazwa kwenye mkeka. Mama yangu yuko hai, anakunywa uji. Nani amewatuma mje mmuage?"

Asante sana, Bibi. Nilikuomba maneno ya wodini, ukanipa ya makaburini. Wanafunzi wangu sasa ndio watabibu pekee nchini wanaoweza kumzika mgonjwa kabla ya kumpima. Shilinde amezuiwa kuingia wodini mpaka familia iridhike, na mtihani hautamsubiri. Mkuu wa chuo, Bwana Egidius, amenitaka nijieleze kwa maandishi. Nimeanza mara kadhaa. "Napenda kueleza kwamba bibi yangu" ndipo ninapokwama.

Familia imesema haitaki chochote kutoka kwetu. Inataka mwenye maneno aje mwenyewe, akae mbele ya mama yao, ayachukue maneno yake. Waliniuliza ni ya nani. Nilisema yangu. Wakaniuliza mimi nilipewa na nani. Nimekutaja, Bibi. Nisamehe. Lakini nimekutaja.

Evod

*

Shambani,
18 Mei 2025

Kwa Evod, baba wa mume wangu mpya,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mtoto ni wa kiume, maana wewe umeshachakaa. Mbusu Nelly. Mwizi nimemsamehe, ameleta mbadala.

Barua zako mbili nimezipata pamoja juzi. Maji yalifunga njia tangu Kwaresima na Silvano akakaa kwake Lupiro na baiskeli yake kama bwana. Tumekula mihogo na samaki tuliowavua mlangoni. Mpunga wa bondeni umezama, wa juu umepona, tunaanza kuvuna.

Sasa nisikilize. Umenikasirikia, na hasira yako imeandikwa vizuri, mapadri walifanya kazi. Lakini tatizo ni lako. Uliniandikia, "kwa mke wangu mkubwa". Ukasaini, "mume wako". Ukaniuliza mambo ya chini ya kitovu. Mimi kwako ni mtani, na mtani ana maneno ya aina moja tu ya kukupa. Ulitaka nikupe yapi? Yale tunayofundishwa ndani tukiwa wanawali? Hayo mama yako mzazi hakuwahi kukutamkia, na mimi nisingeyaweka juu ya kapu la kambale. Mtoto wa kiume hapewi. Ungekuwa umekaa nyumbani likizo zako badala ya kukaa seminari unakariri Kilatini, ungeshayasikia maneno yangu kwenye misiba na ungeyajua yalivyo, ungecheka ukachana karatasi. Mimi nilijua utacheka ukachana. Sikujua nimeolewa na mtu wa kuchora ubaoni.

Na yule binti wa Mang'ula alikuuliza swali zuri kabisa. Ulitakiwa kusimamisha somo pale pale.

Kijana Msukuma mwambie asilie. Hakukosa yeye. Amefundishwa salamu nzuri na wazazi wake, akafundishwa upuuzi na mwalimu wake.

Huyo Bi Mwanasha nitakuja kumwona. Familia yake imesema sawasawa. Neno langu limeenda kumkalia mtu mgonjwa asiye mtani wangu, na haliwezi kuondolewa na mwingine. Tukimaliza kuvuna nitakuja. Nakuja kwa ajili yake. Usinipangie daktari, usiniwekee miadi, usimwite Eveline. Nikimwona mtu na koti jeupe ananisubiri stendi, nageuza na basi lile lile.

Mstari mmoja ulioniomba huu hapa: nashindwa kukuandikia.

Eufrasia

*

Ifakara,
27 Juni 2025

Bibi,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri. Mtoto amejifunza kucheka na anakichekea zaidi kitanda kuliko mimi. Nelly anakushukuru kwa mchele. Mimi ningekushukuru pia kama ungeniaga.

Uliondoka Jumatano ya juma lililopita asubuhi na mapema, nimeambiwa na muuza maandazi wa stendi, ambaye inaonekana ndiye ndugu yako wa karibu mjini hapa. Kwa kuwa hukupenda kukaa tuongee, wacha nikuandikie niliyoyaona, na wewe ukipenda ujaze niliyozuiwa kuyaona.

Bi Mwanasha alikuwa ameruhusiwa, akarudishwa tena wodini mwezi huu, akiwa amedhoofika. Uliingia na khanga yako mpya na mkeka kwapani. Hukukaa kwenye kiti. Ulitandika chini, ukakaa, ukamsalimia. Ukamwambia, "Dada, mimi ndiye mwenye maneno yale. Nilimtania mjukuu wangu, yeye akakuletea wewe. Nimekuja kuyachukua." Shilinde alikuwa amesimama pembeni. Halafu Bi Mwanasha akasema, "Hebu yataje tena, siku ile sikuyasikia yote vizuri, kijana alikuwa na haraka." Ukayataja. Akacheka mpaka nesi akaja mbio. Akasema, "Basi. Tangu leo wewe ni mtani wangu, umeshanisema."

Halafu ukageuka ukasema, "Wanaume tokeni." Tukatoka. Valentino akatoka, Shilinde akatoka. Bwana Egidius naye akatoka, akieleza kwamba alikuwa anatoka tu.

Ulimwita Bernadeta na wasichana wote wa darasa langu. Mlikaa humo mchana kutwa, na siku ya pili, na ya tatu. Mimi mkufunzi wa anatomia nilikaa kwenye baraza pamoja na wauza machungwa. Sijui mliongea nini. Najua tu kwamba wasichana wangu sasa wanamuuliza mgonjwa na mgonjwa anajibu, na mambo yanaandikwa mahali pake. Wavulana nimewafundisha swali moja, nililopewa na Bernadeta kwa masharti: "Bibi, nikuitie dada mwenzangu?" Shilinde amelitumia kwenye mtihani na amefaulu. Maneno yako nimeyafuta ubaoni.

Lakini siku ya tatu nilikuona. Nilikuwa nimekaa pale barazani, ukatoka wodini umeshikwa mkono na Bernadeta, mkapita kwenye mlango ambao naujua, kwa sababu wagonjwa wanaoingia mlango ule nawajua, hawaendi kupimwa malaria. Ulitoka unatembea polepole. Nilipomuuliza Bernadeta, aliniambia, "Mwalimu, hayo ni mambo ya wanawake." Nilimuuliza daktari, tuliyesoma naye, tuliyekula naye ugali wa bweni. Akasema, "Mgonjwa ameomba usiambiwe."

Hongera. Nafundisha mwili mzima wa binadamu, utosini hadi unyayoni, na watoto niliowafundisha wanajua ugonjwa wa bibi yangu, mimi sijui. Sina hasira, Bibi. Nadanganya, ninayo. Ninayo hasira na nina hofu, na vyote viwili vinanizuia kula. Umenilea wewe baada ya mama kufa. Ulinifundisha kusema pua na sikio. Niambie basi na hili.

Evod

*

Dar es Salaam,
9 Agosti 2025

Evod mjukuu wangu,

Marahaba. Nakusalimu wewe na Nelly na mtoto. Usishtuke kuona Dar es Salaam juu ya barua, ingawa najua umeshashtuka. Niko huku na Eveline tangu mwanzoni mwa Julai. Nilimkataza kukuambia, na amekaa na siri hiyo mpaka imemvimbisha shavu. Ukimwona usimgombeze, ni mara yake ya kwanza kutunza siri.

Tunakaa kwa binamu yake Mbagala. Kelele za huku ni za kishenzi na maji yananunuliwa. Samaki wao wana mwiba mmoja na bei ya ng'ombe. Vijana wa hapa hawasalimii, wanakuambia "mambo", na mimi nawajibu kwamba mambo ni mengi, nianze na lipi.

Nilichokiona kwa Bi Mwanasha nitakuambia. Mlipotoka, aliniuliza, "Mtani, mbona umekaa upande?" Nikamwambia ni benchi la basi. Akasema, "Mimi nilisema ni jembe." Alisema alianza kuona damu mwaka juzi, akafikiri ujana unamrudia, akanyamaza. Alinyamaza kwa sababu watoto wake wote ni wa kiume na mabinti wakwe ni wakwe. Hakuwa na mtu wa kumtamkia. Alipokuja kuzidiwa ndipo akaletwa, na wakamwambia amechelewa. Alinishika mkono akasema, "Wewe unaye wa kumtamkia, umeleta darasa zima." Ndipo nikamwita Bernadeta, na nikamwambia kwa maneno ya ndani, yale yenyewe, na hakucheka wala hakuangalia chini. Umemfundisha vizuri mahali usipomfundisha.

Wewe sikukuambia. Nimekuwa nakutania tangu unatambaa, na kwa utani nimeshakuambia kila kitu kibaya duniani. Kila nilipochukua kalamu nikuambie la kweli, lilikuja kama utani, nikaona utacheka. Au hutacheka, na hilo ndilo niliogopa zaidi.

Bi Mwanasha alifariki Julai. Valentino alimpigia Eveline simu, maana namba yake ndiyo niliyowaachia. Aliuliza kama nitafika, maana kule matangani walikuwa wananisubiri niseme maneno yangu, mara hii kwa ruhusa. Nilikuwa kwenye mashine. Mtani wangu amezikwa na watu wastaarabu, hakuna aliyemtukana hata kidogo. Nimelia kwa hilo.

Evod, ugonjwa wangu uko kwenye mlango wa kizazi. Ni saratani. Naandika mwenyewe, hakuna anayenisaidia, na sitaki Bernadeta akuambie wala daktari wako wa ugali. Ilianza kwa damu, yakaja maji yenye harufu, ndiyo maana nilikuwa sisimami kanisani. Wanasema ugonjwa umeshatoka kidogo nje ya pale ulipoanzia. Wananichoma kwa mionzi siku tano kila wiki, na wiki ijayo watanipima waone kama unarudi nyuma. Daktari ni kijana wa umri wako. Alianza kuniambia "sehemu za siri", nikamwambia baba, siri imeshaisha, sema jina lake. Akasema. Nikamuuliza kama nitapona. Hapo ndipo akakosa maneno, na ni Kiswahili tu nilichomuuliza.

Nimekukataza kuja shambani, nimekukataza wodini, nimekukataza kila mahali. Sasa nakuomba uje. Eveline ni mzuri lakini analia kabla ya matokeo, na mimi siwezi kumbembeleza yeye na kuogopa kwa wakati mmoja. Naogopa sana, Evod. Sijawahi kuogopa hivi hata nilipomzika babu yako.

Panda basi la Jumamosi ijayo. Jumatatu inayofuata watanipa majibu, na watayasema haraka haraka kwa maneno yao. Nataka uwe umekaa karibu yangu, uniambie yote waliyosema, kila sehemu kwa jina lake, bila kuruka hata moja.

Bibi yako,
Eufrasia